Hummus ya Mbaazi Haihitaji Ruhusa ya Mtu

Kila wiki naona mtu wa rika langu ameposti sahani ya "chakula safi", na chini yake orodha ya vitu ambavyo ukivitafuta Embu mjini utatembea mpaka soli ziishe. Kinoa. Tahini. Mafuta ya zeituni ya chupa ya kioo. Dengu za mkebe kutoka Italia. Halafu anamalizia: "Rahisi sana wasee, dakika kumi tu." Rahisi kwa nani? Pesa ya mkebe mmoja wa tahini pale supa inakununulia gorogoro ya mbaazi, na bado unabaki na nauli ya kufika Runyenjes.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi napenda chakula cha Lebanoni kuliko watu wengi mnaowajua. Kwetu kinapikwa karibu kila wiki, na karibu chote ni cha mimea. Ninachosema ni hiki: ukitaka kupika chakula cha Kilebanoni chenye afya ukiwa Meru au Embu, usinunue Lebanoni kwenye mkebe. Chukua mbinu zao, weka mazao yetu. Na kabla hujaniuliza nani amenipa ruhusa ya kuchezea chakula cha watu, nitakwambia nilikitoa wapi.

Nilikitoa kwa anti yangu, mdogo wa mathe, mtu wa Nkubu. Alienda Beirut mwaka wa 2016 kufanya kazi za nyumbani, akarudi mwisho wa 2020. Wengi wenu mna anti, dada ama jirani kama huyo, kwa hivyo stori ya kafala mnaijua: viza yako imefungwa kwa mwajiri mmoja, sheria ya kazi ya Lebanoni haiwahesabu wafanyakazi wa nyumbani, na ukitaka kuondoka inabidi kwanza uombe. Mwaka wa 2019 uchumi wao ukaanguka, pauni ya Lebanoni ikawa karatasi, na mishahara ya wasichana wengi ikakatika. Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut ikalipuka. Mwezi huo huo wanawake Wakenya wakalala nje ya ubalozi mdogo wetu kule, wakidai warudishwe nyumbani. Anti alikuwa mmoja wao.

Alirudi na begi moja. Nkubu watu walisema alirudi mikono mitupu. Miaka minne ughaibuni na hakuna ploti, hakuna gari, hakuna hata seti ya viti.

Lakini huyu mwanamke alikuwa amepikia familia ya watu saba kila siku kwa miaka minne, akisimamiwa na nyanya mmoja wa Kilebanoni ambaye hakukubali mchezo na ndimu. Alipika vyakula ambavyo hoteli za Nairobi zinakuuzia kwa bei ya kukodisha nyumba. Alipika, akaandaa meza, halafu yeye akala jikoni akiwa amesimama. Hiyo ndiyo shule aliyosomea. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama tuna haki ya kupika hiki chakula, jibu langu ni kwamba karo ilishalipwa.

Hiki chakula kiliingia kwetu Embu kwa sababu ya mzee wangu. Mzee ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mbeere, kutoka upande wa Siakago. Mwaka juzi aliambiwa ana kisukari, na presha ikafuata nyuma kama matatu mbili za sako moja. Akapewa dawa na ushauri: punguza chumvi, punguza mafuta, punguza wanga, ongeza mboga na nafaka za kunde. Ushauri mzuri. Shida ni kwamba mathe aliutafsiri kuwa chakula kisicho na ladha. Githeri bila mafuta, bila kitunguu, bila chochote. Mzee akala siku tatu. Siku ya nne akaenda kula chips pale steji, na akarudi nyumbani akinukia.

Hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Chakula chenye afya ambacho mtu hali hakina afya. Ni mapambo tu. Ukimnyima mzee wa miaka sitini na tano mafuta na chumvi, lazima umpe kitu mahali pake, la sivyo atakitafuta mwenyewe.

Anti alipokuja kututembelea akaonja ile githeri, akaweka kijiko chini, akauliza, "Nyinyi mnamtibu huyu mtu ama mnamwadhibu?" Akaomba ndimu.

Hii ndiyo mbinu ya kwanza ya Walebanoni na ndiyo ningetaka ushike kama hutashika nyingine: uchachu. Sisi tukitaka chakula kiwe kitamu tunaongeza chumvi, halafu kidonge cha mchuzi, ambacho pia ni chumvi. Wao wanakamua ndimu mwishoni, chakula kikishaiva. Ulimi unadanganyika vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na vidonge vya mchuzi. Ukiwa na ndimu, kitunguu saumu na dania, utashangaa vile nusu ya chumvi inatosha. Na tena vitamini C iliyo kwenye ndimu inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa mboga na kunde. Yaani unalipwa mara mbili.

Mbinu ya pili ni kitunguu. Hapa ndipo mzee alikamatwa.

Kuna chakula chao kinaitwa mujaddara. Ni kamande na mchele, na juu yake vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa na rangi ya kahawia iliyokolea. Basi. Ni chakula cha watu wa kawaida kabisa. Sisi tunatumia ndengu za kutoka Mbeere, zile kijani, kwa sababu ziko nyumbani. Kipimo chetu ni kikombe kimoja na nusu cha ndengu kwa robo tatu ya kikombe cha mchele. Angalia hapo: ndengu ni mara mbili ya mchele. Kwa mtu wa kisukari hiyo ndiyo tofauti yenyewe, maana kunde huingiza sukari kwenye damu polepole kuliko mchele mweupe. Chemsha ndengu mpaka ziwe nusu kuiva, si zaidi, kwa sababu zinapasuka haraka kuliko kamande. Ongeza mchele na jira, punguza moto, funika.

Vitunguu ni vitatu vikubwa, vijiko vitatu vya mafuta, na subira. Dakika ishirini na tano kwa moto mdogo. Usiharakishe. Vikishakuwa kahawia, nusu unachanganya ndani na nusu unaweka juu. Hayo ndiyo mafuta yote ya sufuria nzima, na ladha imejaa.

Siku ya kwanza mzee alikula akanyamaza. Akaongeza. Halafu akasema, "Hii ni ndengu ya kwetu." Ni sentensi moja tu, lakini kwa mtu aliyekuwa amekataa kila kitu tunachoita dayati, ilikuwa hotuba.

Sasa tuje kwa mbaazi. Kwa shosho kule Mbeere mbaazi zinaitwa njugu, na ukienda na hilo neno Nairobi utaletewa karanga. Ni zao la watu wa ukame: mvua ikikosea mahindi, mbaazi bado ziko. Pwani wanazipika kwa nazi na kuzila na mahamri, na hakuna mtu anaziita chakula cha maskini. Huku kwetu kijana akionekana na mbaazi kwa sahani anadhaniwa mwezi umekuwa mrefu.

Hummus kwa Kiarabu maana yake ni dengu tu, kwa hivyo Mlebanoni akisikia "hummus ya mbaazi" atacheka, na ana haki ya kucheka. Wale watu hawana mzaha na hii kitu. Mwaka wa 2010, katika ushindani wao na Israeli kuhusu hummus ni ya nani, walitengeneza sahani moja ya kilo 10,452 na kuweka rekodi ya dunia. Walichagua hiyo namba kwa sababu nchi yao ina kilomita za mraba 10,452. Huo ni upendo. Sisi mukimo yetu tumeifanyia nini?

Lakini mbinu inakubali. Loweka mbaazi kavu usiku mzima, mwaga hayo maji, chemsha mpaka zilainike kabisa. Vikombe viwili vya mbaazi zilizoiva, ndimu moja, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi nusu kijiko cha chai, halafu siagi ya makadamia vijiko vitatu mahali pa tahini. Saga kwa blenda huku unaongeza maji baridi kidogo kidogo mpaka iwe laini. Kama huna blenda, kinu kipo, na mikono unayo.

Ndiyo, makadamia. Embu na Meru tumekaa juu ya hii mali na tunaiangalia ikipita. Miti iko nyuma ya nyumba, mabroka wanakuja na magunia, kokwa zinaondoka kwenda nje, na sisi tunanunua siagi ya karanga yenye sukari. Wakulima wa huku wanakumbuka vile bei ilianguka mpaka chini ya shilingi 50 kwa kilo baada ya kuzoea karibu 200. Wengine wakaanza kukata miti. Mimi sina dawa ya soko la dunia. Lakini kokwa ambazo broka amekataa kwa sababu ni ndogo, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, saga, na una kitu kilaini kuliko tahini. Mafuta yake mengi ni ya aina ile nzuri kwa moyo, kama ya zeituni. Usimwage gunia lote tu. Ni nzuri, lakini ni nzito.

Kuna na tabbouleh. Hapa anti ana hasira na intaneti yote. Watu wanaitengeneza kama sahani ya nafaka na majani kidogo ya mapambo. Anasema yule nyanya wa Beirut angeimwaga. Tabbouleh ni majani, nafaka ni wageni. Kule wanatumia pasli nyingi, mnanaa, nyanya, kitunguu na bulgur kidogo, yaani ngano iliyochemshwa, ikaanikwa, ikapasuliwa. Sisi tunatumia dania kubwa fungu mbili, spinachi changa iliyokatwa nyembamba kama nywele, mnanaa kutoka kwa mkebe pale dirishani, na mahali pa bulgur mtama mzima uliochemshwa karibu saa moja. Mtama unabaki na ule ugumu mdogo wa kutafuna. Ndimu nyingi. Osha majani vizuri, maana hayapikwi.

Na kibbeh? Hiyo ndiyo fahari yao: nyama na bulgur iliyopondwa. Lakini Walebanoni wenyewe wana kibbeh ya malenge, isiyo na nyama hata kidogo. Hapa nataka msikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya hii posti yote.

Wakristo wa Lebanoni, Wamaroni na Waorthodoksi, wana desturi ya zamani ya mfungo kabla ya Pasaka ambapo wengi wanaacha nyama, na wengine maziwa na mayai pia. Kwa hivyo wana ukoo mzima wa vyakula vinaitwa siyami, vya mfungo. Kibbeh ya malenge inatoka huko. Na hata nje ya mfungo, vijijini nyama ilikuwa ya sikukuu. Kwa hivyo mtu akikwambia amebuni "Kilebanoni cha mimea", mwambie pole, alikuta bibi za milimani wameshamaliza.

Si hivyo ndivyo ilikuwa kwetu? Nyama Meru na Mbeere ilikuwa ya shughuli: mahari, tohara, wageni. Siku za kawaida zilikuwa njahi, kunde, mtama, mawele, ndizi za kuponda, viazi vikuu, majani ya malenge. Anti alipoonja kibbeh ya malenge mara ya kwanza kule Beirut, anasema alisimama jikoni akafikiria mukimo. Malenge yamepondwa, nafaka imeingia ndani, kitunguu kiko. Alikuwa kilomita elfu kadhaa kutoka Nkubu na chakula kikamwita jina.

Sisi tunaipika hivi: malenge yaliyochemshwa na kukamuliwa maji, ngano ya Timau iliyopasuliwa, kitunguu, mdalasini kidogo. Unatandaza nusu kwa trei, katikati spinachi na mbaazi zilizokaangwa na ndimu, unafunika na nusu nyingine, unaoka. Kama huna oveni, sufuria nzito yenye mfuniko na makaa juu na chini inafanya kazi. Mashosho waliokeki keki za harusi hivyo.

Najua maswali yenu, wacha niyajibu moja moja.

"Hiyo ni chakula ya sungura." Sungura hajawahi kula mujaddara. Na ukitaka kitu cha kutafuna na mkono mmoja ukiwa kwa simu, Waswahili wa Pwani wana bajia za kunde, ambazo ni ndugu wa falafeli kabisa: kunde zinalowekwa, zinasagwa mbichi na viungo, zinakaangwa. Sisi tunazibonyeza ziwe bapa na kuziiva kwa kikaango chenye kijiko kimoja cha mafuta. Onyo moja tu: usijaribu hivyo na maharagwe mekundu. Maharagwe mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu na yatakulaza.

"Kwani umekuwa vegani?" Hapana. Krismasi nikiwa Nkubu mbuzi akichinjwa niko mstari wa mbele. Na mtu anayetaka kuacha kabisa nyama, maziwa na mayai lazima atafute vitamini B12 mahali pengine, hilo si la mjadala. Mimi nazungumzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Mbaazi zinamaliza gesi." Kweli, na hili watu wa video huwa hawasemi. Kuloweka usiku kunapunguza muda. Halafu tunapika sufuria moja kubwa Jumapili, nyingine inaingia kwa friji kwa siku tatu, nne. Bado ni kazi. Lakini hesabu na ile gesi ya kukaanga kila jioni.

"Si chakula chetu." Rafiki yangu, mahindi na maharagwe yaliyo kwenye githeri yalitoka bara la Amerika. Chapati ilitoka India, na nasikia hata mbaazi zenyewe zilianzia huko. Chakula kinakuwa chako ukikipika kwa heshima muda mrefu. Mtama ndio Mwafrika wa kweli kwenye hii stori, na ndio tumeuachia kuku na bia. Heshima ni kusema kilitoka wapi. Mimi nasema: hii ni mujaddara, ni ya Walebanoni, tumeipika na ndengu za Mbeere.

Kuhusu mzee, sitawadanganya. Chakula hakijamponya. Dawa zake anameza kila asubuhi, kliniki anaenda, na steji bado kuna chips ambazo zinamjua kwa jina. Lakini sasa anakula nyumbani siku nyingi kuliko anazokula nje, na vipimo vyake vimetulia kuliko mwaka juzi. Na yeye ndiye anaenda Siakago kuleta mbaazi. Mtu anayebeba chakula chake mwenyewe kutoka shambani huhitaji kumlazimisha kukila.

Na anti sasa, kila Jumamosi, anatengeneza hummus ya mbaazi na kibbeh ya malenge kwa oda. Anauzia watu wa Nkubu, na Makutano pale Meru mjini. Si biashara kubwa. Inalipa karo ya binti yake na kodi ya nyumba. Wale waliosema alirudi mikono mitupu, wawili wao ni wateja.

Hapo ndipo nataka kuwaacha. Tuna maelfu ya wanawake waliorudi kutoka Beirut, Riyadh, Doha na Muscat wakiwa na ujuzi wa jikoni ambao chuo cha hoteli kinakulipisha uupate. Tunawauliza walituma pesa ngapi, hatuwaulizi walijifunza nini. Kwa hivyo kabla ya kununua mkebe wa tahini, uliza mtaani kwenu ni nani alirudi. Nenda na gorogoro ya mbaazi kutoka Gakoromone ama soko la Embu, mwombe akufundishe, na umlipe siku yake kama fundi mwingine yeyote.

Chakula kikiiva, mvutie kiti. Mle pamoja.